Fundi Simu Anajibu: Kiswaswadu cha kukunja kimekata kioo, nitengeneze au ninunue kingine?

Toleo lililopita nilizungumzia simu za tachi zinazokula chaji nikajua mwezi huu mtaniuliza hayo hayo, kumbe nimefungua mlango mwingine kabisa, karibu nusu ya meseji zilizokuja ni za simu za kukunja, hizi za vocha na batani ambazo vijana wanadhani zimeshazikwa. Hazijazikwa bana, ziko kwa mama zenu. Basi leo ni zamu yao.

Shikamoo fundi. Mama yangu ana simu ya kukunja kaitumia miaka minne, wiki iliyopita kioo kikawa cheusi lakini ukimpigia inaita na anapokea vizuri tu, sema haoni nani anapiga. Kitu cha ajabu akiifunua nusu picha inarudi, akiimalizia kuifunua inapotea tena. Nimempelekea fundi hapa mjini kasema imekufa ninunue mpya, na anayo ya kuniuzia. Mama hataki nyingine anasema hii ameizoea. Nifanyeje? – Binti wa Tanga

Marahaba binti. Kwanza hongera kwa kuangalia vizuri, maana hiyo habari ya picha kurudi ukifunua nusu ndo jibu lenyewe, umeshajitibu mwenyewe kasoro dawa. Simu inayoita na kupokea haijafa. Bodi yake nzima ni nzima, iko huku chini kwenye batani, na kioo kiko juu kwenye kifuniko, sasa hivi viwili vinaongea kwa mkanda mmoja mwembamba mafundi tunauita fleksi. Rangi yake kama asali, unene kama karatasi, ndani una nyuzi za shaba nyembamba kuliko unywele, na unapita katikati ya bawaba umejikunja. Kila mama akifunua simu mkanda unajipinda, akifunika unajipinda tena. Tuseme anafunua mara 30 kwa siku, na mama mwenye wajukuu hawezi kupungukiwa hapo, mwaka mmoja ni karibu mara elfu 11, zidisha kwa minne ndo ujue mkanda umefanya kazi ya punda. Siku moja nyuzi mbili tatu zinakatika pale pale kwenye pinda, ukifunua nusu ncha zinagusana picha inarudi, ukimalizia zinaachana.

Kipimo kingine cha kuhakikisha, muulize mama kama sauti ya sikioni nayo imeanza kukatakata. Spika ya sikio iko juu kwenye kifuniko pamoja na kioo na sauti yake inapita mkanda huo huo, kwa hiyo vikianza kusumbua pamoja usihangaike kutafuta ugonjwa mwingine. Ila ukiona kioo kina doa jeusi kama wino umemwagika, au mistari isiyohama hata ufunue vipi, hapo ni kioo chenyewe kimepasuka ndani, na ikiwa haiiti, haiwaki, haina hata mwanga wa batani basi hiyo ni habari ya bodi au betri.

Sasa ufanye hivi. Toa betri, chini yake kuna stika ina namba ya modeli, andika au piga picha. Fleksi inanunuliwa kwa modeli, usikubali fundi akuambie zote zinaingiliana. Tanga ukiikosa agiza Kariakoo, pale mtaa wa Aggrey wapo wanaouza spea za simu za zamani, na kama hakuna mpya wanakutolea kwenye mzoga, yaani simu ya modeli hiyo hiyo iliyokufa kwa ugonjwa mwingine. Ya mzoga inafanya kazi ila kumbuka na yenyewe imeshajikunja sana. Muulize fundi kabla hajaanza: hii fleksi ni ya soketi au ya kuchomelea? Ya soketi unachomoa ya zamani unabana mpya, mtu mwenye mkono mtulivu hamalizi saa nzima. Ya kuchomelea kwenye kioo inataka fundi mzuri kweli na hela yake inapanda, wakati mwingine ni bora ununue kioo kinachokuja na fleksi yake.

Na umwangalie anavyofungua. Skrubu za kifuniko zimejificha chini ya vile vipira vidogo vinavyozuia kioo kisigongane na batani, fundi anayejua anavitoa kwa sindano anaviweka pembeni ili avirudishe, asiyejua anaingiza kisu kwenye bawaba na ndani kuna springi, ikiruka hiyo mama atakuwa na simu isiyosimama, inalegea kama mlango wa choo cha stendi. Akimaliza mwambie akupe fleksi ya zamani. Ishike kwenye mwanga uikunjue, utaona mwenyewe mstari mweupe pale ilipokatika. Akikosa kukuonyesha, una haki ya kuuliza alichobadilisha ni nini.

Kabla ya yote hayo hamisha namba za mama kutoka kwenye simu kwenda kwenye laini, laini nyingi zinabeba majina 250. Utasema nitaonaje na kioo cheusi? Funua nusu mpaka picha irudi, zungushia rababendi isisogee, halafu fanya kazi yako taratibu. Nina mteja mmoja bibi wa makamo alikuja kwangu simu kaiwekea njiti ya kiberiti kwenye bawaba ili isifunuke ikapitiliza, miezi miwili anaishi hivyo, na nikamwambia mama wewe ungekuwa fundi mimi ningefunga kibanda.

Kuhusu huyo wa kukuuzia mpya, simlaumu sana, kubadilisha fleksi kunachosha na faida yake ndogo. Mimi kipimo changu ni hiki, spea na mkono wa fundi vikizidi nusu ya bei ya simu mpya ya aina ile, nanunua mpya. Kwa fleksi ya soketi huwa haifiki huko.

Fundi, yangu nikifunua haipokei, mpaka nibonyeze kijani, na muda mwingine kioo kinabaki kimezima hata nikiwa nimeifunua wazi kabisa. Kioo kizima, maana siku nyingine kinawaka bila shida. – Wa Dodoma

Sumaku hiyo ndugu. Simu haijui imefunikwa kwa kuona, ndani ya kifuniko kuna kijisumaku kidogo kama punje ya mchele na upande wa batani kuna kihisio kinachosikia sumaku ikikaribia. Sumaku ikisogea simu inasema nimefunikwa, zima kioo, ikiondoka inasema nimefunuliwa, washa, pokea. Simu ikidondoka kijisumaku kinabanduka kinahamia pengine humo humo ndani, simu inachanganyikiwa haijui imefunikwa au la. Itikise sikioni, ukisikia kitu kinacheza ndani ya kifuniko ndo chenyewe. Kukirudisha ni gundi tu ila kiwekwe upande ule ule kilivyokuwa, kikigeuzwa kuna vihisio vingine havikisikii.

Afu kabla hujaenda kwa fundi angalia kitu kimoja. Unaiweka wapi? Kuna dada alinisumbua wiki nzima, kwangu simu inafanya kazi, akifika kazini haifanyi, tukabishana mpaka siku alipoitoa mbele yangu kwenye pochi yake, pochi ina kifungo cha sumaku. Kila akitaka kuongea anaifunua huku kaishikilia juu ya pochi kwenye mapaja. Nilimrudishia hela yake.

Habari fundi, nakusoma kutoka Houston. Bibi yangu huku anatumia simu ya kukunja ya vocha, ile ya batani kubwa, bawaba imepasuka upande mmoja na sasa imeshikwa na plasta. Ana dakika nyingi hajamaliza na namba yake watu wa kanisani na ndugu wote Bukavu wanayo. Maduka hapa hawatengenezi, wanasema nunua nyingine. Nikinunua dakika zinapotea? Namba je? Na hiyo ya zamani nikiitengeneza naweza kumtumia shangazi Dar? – Mjukuu wa Houston

Nzuri mjukuu, msalimie bibi. Hapo kuna maswali matatu na la kwanza hukuliuliza: hiyo simu ni ya lini? Maana kwa Marekani hilo ndo linaamua kila kitu, hata kabla ya bawaba. Huko mitandao ya 3G ilishazimwa, AT&T walizima Februari 2022, T-Mobile Julai 2022, Verizon wakamalizia mwisho wa Desemba mwaka huo huo, na kampuni nyingi ndogo za vocha hazina minara yao, zinapita kwenye minara ya hao wakubwa. Toka hapo simu lazima ipige kupitia 4G yenyewe, kile wanachokiita VoLTE. Kama ya bibi inapiga leo basi ina VoLTE, usiwe na wasi. Lakini ukienda kwenye maduka ya mitumba au mtu wa kanisani akikupa bure flipu ya zamani nzuri haina hata mkwaruzo, uliza kwanza VoLTE, kuna simu huko zinawaka vizuri, zina betri nzima, na haziwezi kupiga popote hata 911, namba ya dharura ya huko. Bibi akianguka usiku utajuta.

Bawaba yenyewe, kwa ukweli, kuitengeneza huko haina hesabu. Hapa Dar fundi atakubadilishia kava zima upande wa juu na wa chini unaondoka umeridhika, huko mkono wa fundi ni ghali na simu za kukunja za vocha zinauzwa bei ya chini makusudi kwa sababu kampuni inataka ununue dakika. Plasta nayo usiiache muda mrefu, bawaba ikipasuka upande mmoja kifuniko kinakaa pembeni, na kikikaa pembeni ile fleksi niliyomweleza binti wa Tanga inavutwa upande, itakatika.

Dakika: ukinunua simu nyingine ya kampuni ile ile mara nyingi namba na salio vinahama pamoja, wakati mwingine ni kuhamisha laini tu kama saizi ni moja, la sivyo wanakupa laini mpya namba ile ile. Ukihamia kampuni nyingine namba unaondoka nayo, hiyo ni haki yake, ila salio linabaki kule, kwa hiyo mwache bibi aongee na Bukavu mpaka liishe ndo muhame. Na hapa watu wengi wanaumia: usifunge laini ya zamani kwanza ukisema nafungua mpya kesho. Namba inahamishwa ikiwa hai. Omba kampuni ya zamani namba ya akaunti na PIN ya kuhamia, wape wapya, subiri mpaka simu mpya iite, ya zamani itajizima yenyewe. Kwa simu za vocha hizo namba za akaunti hazionekani kwenye bili kwa sababu hakuna bili, itabidi upige huduma kwa wateja, na jiandae, muziki wa kusubiri ni mrefu.

La shangazi wa Dar ndo nitakukatisha tamaa. Hizo simu zinauzwa zimefungwa kwa mtandao uliouza, akiweka laini ya huku itamwambia laini haikubaliki. Unaweza kuomba kampuni waifungue ukitimiza masharti yao, sawa, lakini hata ikifunguliwa kuna habari ya masafa, yaani mawimbi ambayo simu inaongea na mnara. Marekani 2G yao ilitembea kwenye MHz 850 na 1900, huku kwetu ni 900 na 1800, na simu nyingi mpya za kukunja za huko hazina hata 2G, zina 4G ya masafa ya huko tu. Shangazi atapata simu inayosema hakuna mtandao akiwa amesimama chini ya mnara. Nimeshaletewa hizi na watu wanalia wamelipia na mzigo wa ndege. Mnunulie huku huku. Kuna Nokia 2660 Flip iliyotoka 2022, batani kubwa, 4G na ina kitufe cha dharura pembeni, wazee wanaipenda, na huku 2G bado ipo kwa hiyo hata akienda kijijini kusiko na 4G ataongea.

Simu imeanguka baharini Nungwi nimeiweka kwenye mchele siku tatu haiwaki. – Mvuvi

Mchele upike ule. Maji ya chumvi hayatoki kwa mchele, na hata yakikauka chumvi inabaki inakula bodi, ukifungua utaona ukoko wa kijani kwenye soketi ya chaji na chini ya batani. Ilitakiwa utoe betri dakika ile ile, usiwashe kujaribu, usichaji, na upeleke kwa fundi siku hiyo ioshwe kwa spiriti na brashi ya meno. Ndiyo, ioshwe tena, watu wanashangaa simu iliyolowa unaiosha, sasa chumvi utaitoa na nini? Siku tatu umechelewa ila jaribu, nimeshaona zikirudi. Batani ndo huwa za mwisho kupona, chini yake kuna visahani vidogo vya chuma vinapata kutu, unabonyeza 5 inaandika 8.

Kijana, betri ya simu yangu imetuna mpaka mfuniko wa nyuma haufungi. Jirani ananiambia nitoboe hewa itoke. – Mzee wa Moshi

Shikamoo mzee wangu. Naomba usitoboe, na huyo jirani naye mwambie asije akakutoboa. Hiyo hewa iliyotuna inashika moto, na betri yenyewe ikitobolewa inaweza kuwaka mkononi. Itoe leo hii, usiichaji tena hata kwa ile chaja ya kubana betri pembeni ambayo wengine wanaiita kobe, na hiyo ndo inayotunisha nyingi kwa sababu mtu anaiacha usiku kucha haijui kukata.

Simu haina tatizo lolote mzee, betri tu. Angalia juu ya betri imeandikwa nini, kama ni BL-5C una bahati, hizo zinauzwa kila kona ya nchi na simu nyingi za batani zinazitumia. Ukiwa dukani bonyeza betri mpya katikati kwa kidole, iwe bapa na ngumu. Halafu iweke juu ya kaunta uizungushe kama pia, ikizunguka vizuri inamaanisha imeshaanza kutuna, mwambie muuzaji akupe nyingine. Usitishike na zile zilizoandikwa namba kubwa kubwa za mAh, kile kipimo cha chaji ambayo betri inabeba, 5C halisi ya Nokia ilikuwa 1020, sasa mtu anakuuzia betri ya saizi ile ile imeandikwa mara tatu yake, hiyo mAh imekaa wapi?

Fundi mambo, nimeuziwa simu ya kukunja mkononi bei poa sana, nimeanza kuingiwa na wasiwasi ni ya wizi au feki. Na ya kwangu ya mwanzo ilitumbukia chooni pamoja na laini yenye hela. – Wa Mbagala

Poa. Bei poa sana ndo yenyewe inayonipa wasiwasi na mimi. Bonyeza *#06#, itakuja IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, itume kwa meseji kwenda 15090, utajibiwa hiyo IMEI ni ya simu gani. Ukishika simu ya kukunja ya Nokia na jibu linasema ni modeli nyingine kabisa ya kampuni nyingine, rudisha. Linganisha pia na stika chini ya betri. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walishazima simu feki toka Juni 2016 na bado kuna watu wanaziuza, mwingine anakwambia lete nikubadilishie IMEI, huyo mkimbie, kubadilisha IMEI ni kosa kwa sheria, na simu ikikutwa kwako wa kwanza kuulizwa ni wewe. Siku nyingine kabla ya kutoa hela ya simu ya kuuziwa mkononi omba risiti ya kwanza au hata boksi lake, asiye navyo vyote viwili mwache apite.

Ya chooni iache huko huko tafadhali. Hela haipo kwenye simu wala kwenye kile kipande cha laini, ipo kwenye namba yako kule kwa mtandao. Chukua loss report ya polisi, nenda na namba ya NIDA kwa wakala au duka la mtandao wako, utaweka kidole, wanakurudishia laini namba ile ile na salio lako unalikuta. Fanya mapema, na PIN usimwambie hata huyo wakala, akikuuliza ili akusaidie kuangalia kama hela ipo mwambie akupe simu uangalie mwenyewe. Majina ndo yamekwenda kama yalikuwa kwenye simu au kwenye ile laini, hayo utayapata wakianza kukupigia, utauliza nani mwenzangu mpaka wachoke.